Jinsi ya kuwapongeza watumishi wa jiji kwa kazi waliyoifanya kweli

Kama umepewa jukumu la kuandaa tuzo za watumishi kwenye halmashauri ya jiji lenu, au wewe ni diwani, afisa utumishi, au hata mwananchi wa kawaida tu unayeona kuna mtu pale jijini anastahili kushukuriwa mbele za watu na hakuna anayemuona, basi haya ni ya kwako. Naanza na jambo ambalo wengi wanaliruka alafu linawaharibia kila kitu baadae: kabla hujafikiria ngao, cheti, ukumbi wala mgeni rasmi, jiulize ni tendo gani unataka kulipongeza. Usianze na mtu. Ukianza na mtu utaishia kumtafutia sababu za kumsifia, na sababu za kutafuta zinajulikana, utasikia "ni mchapakazi, ana nidhamu, anashirikiana vizuri na wenzake", maneno ambayo unaweza kumpa yeyote pale ofisini na hakuna atakayebisha. Ukianza na tendo, mwenye tendo atajitokeza tu, tena mara nyingi atakuwa mtu ambaye hata jina lake ulikuwa hulijui.

Alafu tenganisha aina za pongezi, maana majiji mengi yanazichanganya kwenye sherehe moja na vigezo vimoja mpaka hakuna anayeelewa nani kapewa nini na kwa nini.

Kuna utumishi wa muda mrefu, mtu kafikisha miaka 10, 20, 30. Hii haihitaji kamati, haihitaji kura, inahitaji kumbukumbu sahihi tu. Kila aliyefikisha anapewa, basi, hakuna cha kuchagua. Kitu pekee cha kuangalia kwa makini ni wale walioanza kama vibarua au kwa mikataba ya muda mfupi, kwasababu kwenye mafaili mwaka wao wa kwanza utaonekana ni ule walioajiriwa rasmi, wakati mtu alikuwa anashika fagio la jiji miaka kadhaa kabla ya hapo na kila mtu kwenye zamu yake anajua. Kaa na msimamizi wake mzeemzee, uliza, amua mapema kama miaka ya kibarua inahesabiwa (mimi nasema ihesabiwe, kazi ilikuwa ileile), na ukishaamua iwe hivyo kwa wote.

Kuna ushujaa, mtu wa zimamoto kaingia kwenye moshi, mlinzi wa soko kaokoa mtoto. Huu usisubiri sherehe ya mwaka. Mpongeze ndani ya wiki chache wakati watu bado wanakumbuka, alafu kama unataka jina lake litajwe tena mwisho wa mwaka ni sawa.

Kuna heshima kwa mwananchi au mgeni, mtu ambaye sio mwajiriwa wa jiji lakini kalifanyia jiji kitu kikubwa. Hii ina historia ndefu sana, jijini London kumbukumbu ya kwanza ya mtu kupewa "uhuru wa jiji", ambayo siku hizi ni heshima ya juu jiji linayoweza kumpa mtu, ni ya mwaka 1237. Nchini Uingereza sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 iliweka kwamba halmashauri ikitaka kumpa mtu heshima hiyo ni lazima iitishe kikao maalum na theluthi mbili ya wajumbe wanaopiga kura wakubali. Hata kama kwenu hakuna sheria kama hiyo, iga huo utaratibu, yani kikao chake peke yake na kura ya wazi inayozidi nusu, kwasababu heshima kubwa ikipitishwa kwenye "mengineyo" mwisho wa kikao watu wakiwa wamechoka, siku ikija kuleta maneno hakuna atakayesimama kuitetea.

Na kuna mafanikio ya kazi, ndio yenye ugumu, na huko ndio tutakaa zaidi.

Ugumu wa kazi ya jiji ni kwamba kazi iliyofanyika vizuri haionekani. Mitaro ikizibuliwa kabla ya mvua, mvua inanyesha, maji yanapita, watu wanaendelea na shughuli zao na hakuna anayejua kuna watu walikuwa ndani ya ule mtaro wiki mbili nzima na buti za mpira na sepeto wakitoa matope na chupa. Afisa afya akifunga kisima chenye uchafu mapema, mlipuko hautokei, na kisichotokea hakipigwi picha. Mhasibu akigundua malipo hewa kabla hayajatoka, fedha inabaki pale ilipo, hakuna jengo la kuzindua. Wakati huohuo idara inayojenga barabara au stendi ina kitu cha kukata utepe. Kwahiyo ukiacha mambo yaende yenyewe, tuzo zitaenda kwa wanaojenga na wanaosimama karibu na meya, kila mwaka. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na haki ya hawa wanaozuia mabaya yasitokee inabidi uitafute kwa mkono.

Utaitafutaje? Njia ninayoipenda kuliko zote ni daftari la malalamiko. Kila jiji lina mahali malalamiko yanapoandikwa, iwe kitabu mapokezini, namba ya simu, au mfumo wa kompyuta. Chukua ya mwaka juzi na ya mwaka jana, angalia mitaa na huduma. Utakuta kuna mtaa ulikuwa unalalamikia taka kila wiki alafu ghafla malalamiko yakakoma. Sasa hapo ndio uende ukaulize, nani kahamia pale, kilibadilika nini, kwasababu malalamiko hayakomi hivihivi. Inaweza kuwa watu wamekata tamaa ya kulalamika, ndio, inatokea, kwahiyo usikimbilie kuandika jina, nenda ukaone kwa macho. Lakini mara nyingine utakuta msimamizi mmoja alibadilisha tu saa ya gari kupita, akakubaliana na wenye maduka watoe mifuko jioni badala ya usiku, na tatizo la miaka likaisha bila hata bajeti. Huyo ndio mtu wako.

Njia ya pili ni mapendekezo ya watu, na hapa fomu ndio inaua. Nimeona fomu za kupendekeza zenye kurasa nne, zinauliza cheo, daraja la mshahara, "eleza ni kwa namna gani mpendekezwa ameishi tunu za taasisi". Nani atajaza hiyo? Atajaza mtu wa ofisini kumpendekeza mtu wa ofisini. Weka maswali manne yanayotosha ukurasa mmoja: ni nani au kikundi gani, alifanya nini hasa, kabla yake hali ilikuwaje na sasa ikoje, na nani mwingine aliyeona. Hilo la nne ndio la muhimu kuliko yote, kwasababu ndio utakalotumia kuhakiki, na pia linamsaidia mwenye kupendekeza afikirie kama alichokiona yeye wengine nao walikiona.

Ruhusu pia watu wapendekeze kwa mdomo. Mama anayeuza sokoni anayetaka kumsifia mkaguzi asiyeomba kitu kidogo hana muda wa kukaa na karatasi, lakini ukimwambia arekodi sauti kwenye WhatsApp ataongea dakika tatu na atakupa maelezo mazuri kuliko fomu yoyote, alafu karani anayaandika. Weka tarehe ya mwisho, itangaze kwenye mbao za matangazo za mitaa na sio kwenye tovuti pekee, na uwape watu kama mwezi hivi. Ukiwapa wiki moja utapata majina ya makao makuu tu.

Jambo lingine ambalo watu wanalisahau kabisa, wafanyakazi wa wakandarasi. Siku hizi majiji mengi hayazoi taka yenyewe, wala hayalindi majengo yenyewe, kampuni ndio zinafanya. Mzoa taka anayefanya kazi chini ya kampuni anahudumia jiji lilelile na wananchi walewale, lakini kwenye orodha ya watumishi hayupo kwahiyo hata akipendekezwa fomu inawekwa pembeni. Andika kwenye vigezo kwamba anayefanya kazi ya jiji kwa mkataba wowote anaweza kutambuliwa. Ni sentensi moja tu na inafungua mlango kwa mamia ya watu.

Ukishapata majina, hakiki. Kuhakiki sio kumpigia simu bosi wake. Bosi atakwambia ni kijana mzuri, au kama wamekosana atakwambia mwangalie vizuri yule, na vyote viwili havikusaidii. Nenda kwenye eneo, ongea na wenzake wa zamu, ongea na anayepokea huduma. Uliza "nani mwingine alikuwepo?" na ukipewa jina nenda kwa huyo umuulize hivyohivyo. Hii ndio inazuia lile kosa baya la kumpa mtu mmoja tuzo ya kazi iliyofanywa na watu saba. Wenzake sita watakaa ukumbini wanapiga makofi na moyoni wanaumia, na kesho yake ule mtaro hautasafishwa kwa moyo uleule. Ukikuta kazi ni ya timu, tuzo iwe ya timu, na kila jina lisomwe, pamoja na dereva, pamoja na yule kijana wa kuchota mchanga. Angalia pia faili la nidhamu kabla, kimyakimya, usije ukampandisha jukwaani mtu ambaye ana shauri linaendelea. Ila onyo la zamani lililokwisha lisimfungie mtu milele.

Sasa kamati. Isiwe ya wakuu wa idara peke yao, kwasababu kila mmoja atavutia kwake na mwisho watagawana. Changanya: mtu mmoja wa utumishi, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, diwani wa upande unaotawala na wa upinzani kama wapo, wananchi wawili wasio na tenda na jiji, na mtu aliyepata tuzo mwaka uliopita. Huyu wa mwisho ni wa thamani sana, anajua kazi ya chini ilivyo na anajua ile tuzo ilimfanyia nini. Mjumbe akiwa na ndugu au wa idara yake kwenye orodha, aseme na atoke nje, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba alitoka. Kipindi cha kampeni za uchaguzi usitoe tuzo kabisa, sogeza mbele au rudisha nyuma, maana hata ukitoa kwa haki watu watasema ni kampeni na aliyepewa ndio anabeba ile aibu.

Na mfadhili. Wafadhili wakija na hela ya sherehe angalia wana shughuli gani na jiji. Anayesubiri kibali cha ujenzi au tenda mezani kwenu asidhamini tuzo ya watumishi ambao ndio watakaomkagua. Heshima na mchango wa hela vikikaa karibu sana huwa vinaacha historia isiyopendeza: mwaka 1980 Saddam Hussein, rais wa Iraki wakati huo, alipewa ufunguo wa heshima wa jiji la Detroit kule Marekani, baada ya kuchangia fedha kanisa moja la huko lenye waumini wenye asili ya Iraki. Wakati ule ilionekana ni shukrani ya kawaida tu. Leo kila anayeandika habari za funguo za majiji anaanza na hiyo.

Ndio maana kanuni zenu ziwe na kipengele cha kuondoa heshima, na kiandikwe siku mnaanzisha tuzo, sio siku mmepata tatizo. Oxford ilimpa Aung San Suu Kyi, mwanasiasa wa Myanmar, heshima ya uhuru wa jiji mwaka 1997 kwa kupigania demokrasia dhidi ya utawala wa kijeshi wa nchi yake, na mwaka 2017 baraza la jiji hilohilo likaiondoa kwasababu ya mateso yaliyokuwa yanawapata Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo, yeye akiwa ndani ya serikali. Dublin nayo ikafanya hivyo mwaka huohuo. Kipengele chenu kiseme nani anaweza kuleta hoja, kura ngapi zinahitajika, na mhusika atasikilizwaje kabla ya uamuzi.

Ila usiogope heshima mpaka ukashindwa kutoa. Glasgow ilimpa Nelson Mandela uhuru wa jiji mwaka 1981 akiwa bado gerezani, wakati viongozi wengi wakubwa duniani hawakutaka hata kusikia jina lake, na mwaka 1993 akaja mwenyewe kuichukua. Baraza la jiji linaweza kusema jambo la haki mapema kuliko serikali kubwa, kama limefanya kazi yake ya kuhakiki.

Tukija kwenye maneno ya cheti, hapa naomba utulie, maana kwangu mimi hapa ndipo tuzo inapopata uzito. Ngao itakaa kabatini, picha zitafutika kwenye simu, lakini yale maneno yanayosomwa mbele ya watu wakati amesimama pale ndio mke wake na watoto wake watayabeba. Na ndio sehemu inayofanywa vibaya kuliko zote, kwasababu inaandikwa usiku wa kuamkia sherehe na mtu ambaye hajawahi kumuona mhusika.

Chukua mfano wa karani wa masjala ya ardhi. Cheti cha kawaida kitaandikwa: "Kwa kutambua mchango wake mkubwa katika kuboresha utoaji wa huduma kwa wananchi na kuonesha weledi, uadilifu na uzalendo wa hali ya juu." Soma tena hiyo sentensi. Anafanya kazi gani huyu mtu? Hujui. Alifanya nini? Hujui. Ukifuta jina lake ukaweka la dereva wa gari la maji inakaa vilevile.

Sasa ingeandikwa hivi: "Masjala yetu ya ardhi ilikuwa inapoteza mafaili. Mwananchi akija kufuatilia kiwanja chake alikuwa anaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo anaambiwa hivyohivyo. Yeye alipanga upya rafu zote kwa namba ya kitalu, chumba kimoja baada ya kingine, huku akiendelea kuhudumia watu dirishani. Akaanzisha daftari la kila faili linalotoka, limechukuliwa na nani na litarudi lini. Leo mwananchi anakaa kwenye benchi na faili linaletwa akiwa amekaa palepale."

Angalia kilichofanyika hapo. Sentensi ya kwanza inakubali kwamba jiji lilikuwa na tatizo, na najua wakubwa hawapendi, watakwambia toa hiyo mbele ya waandishi wa habari, lakini usikubali kirahisi, kwasababu bila tatizo hakuna mafanikio ya kupongeza, na wananchi waliokuwa wanaambiwa warudi wiki ijayo wamekaa ukumbini humo humo wanajua. Kisha kuna alichokifanya kwa mikono yake, rafu, namba ya kitalu, daftari. Kuna "huku akiendelea kuhudumia watu dirishani", ambayo ndio inaonesha uzito, na hiyo huwezi kuijua mpaka uende ukakae pale masjala asubuhi moja. Na mwisho kuna mwananchi kwenye benchi. Hakuna neno "weledi" hata mara moja na kila mtu kauona.

Ukimaliza kuandika, mpelekee mhusika mwenyewe na mwenzake mmoja wasome kabla. Watakurekebisha. Atasema "hapana, daftari ilikuwa wazo la mwenzangu", na hapo umeokoka na umepata jina la pili. Urefu usizidi unaosomeka ndani ya dakika moja kwa sauti ya kawaida, na mtakayempa kusoma afanye mazoezi ya majina, hasa majina ya makabila na mataifa mengine, kwasababu mtu kukosewa jina lake siku yake ya kupongezwa inauma na haisahauliki.

Kuhusu nini cha kutoa, watu wanabishana sana hela au cheti. Kuna jaribio lilifanyika Lusaka, Zambia, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, wenye saluni walikuwa wanauza kondomu kwa ajili ya mradi wa afya, wengine wakapewa asilimia ya mauzo na wengine wakapewa nyota tu za kubandika kwenye bango ukutani pale saluni ambapo wateja wanaona. Wa nyota waliuza kama mara mbili ya wenzao. Kuonekana na watu unaowahudumia kuna nguvu kweli. Lakini mimi nasema hiyo isiwe kisingizio cha kumpa cheti mtu ambaye hajalipwa malimbikizo yake ya mshahara. Lipa kwanza haki, alafu pongeza. Pongezi juu ya deni la haki ya mtu inasikika kama tusi, na wenzake wote wanaisikia hivyo.

Kama kuna bajeti ndogo, vitu vinavyopokelewa vizuri ni siku za mapumziko zenye malipo, nafasi ya mafunzo, na vifaa vya kazi kwa kikundi chote. Kikosi cha mitaro kikipewa buti mpya na toroli kwa jina la mwenzao aliyetambuliwa, kila mmoja anafurahi kwamba alishinda. Ukitoa fedha taslimu au kitu chenye thamani kubwa uliza mapema mwanasheria na mhasibu kuhusu kodi na kanuni za zawadi kwa watumishi wa umma, usije ukampa mtu kitu akaja kudaiwa maelezo.

Kuwa makini pia na tuzo za mahudhurio na za hesabu tu. Marekani kwenye kiwanda kimoja cha kufulia nguo walianzisha zawadi kwa asiyekosa wala kuchelewa, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukaonesha watu wakaanza kucheza na ule mfumo, na wale waliokuwa wanawahi tangu zamani bila kuahidiwa kitu uzalishaji wao ukashuka. California nako wanafunzi zaidi ya 15,000 walihusishwa kwenye jaribio, waliopewa tuzo ya mahudhurio ya nyuma bila kutegemea, siku za kukosa shule zikaongezeka baadae. Watafiti waliona kwamba watoto walipokea ujumbe kuwa wamefanya kuliko inavyotakiwa. Kwahiyo pongeza tendo na matokeo yake kwa watu, usipongeze kuja kazini.

Kuna habari njema pia kwa anayeogopa kwamba wasiopewa watavunjika moyo. Jaribio jingine lililochapishwa 2016 liliwaweka watu kwenye vikundi vya wanane kufanya kazi ya kuingiza data, watatu waliofanya vizuri wakapewa kadi ya shukrani mbele ya wenzao. Kazi ya kikundi ikaongezeka, na walioongeza zaidi ni wale ambao hawakupewa kadi. Walioona mwenzao anashukuriwa kwa kazi inayoeleweka walijivuta wamfikie. Lakini hapo kila mtu alijua kwa nini wale watatu wamechaguliwa, huo ndio msingi wake.

Siku yenyewe. Wengi wanachagua Juni 23, ambayo ni Siku ya Utumishi wa Umma iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2002, na tuzo za Umoja wa Mataifa za utumishi wa umma zilianza mwaka uliofuata. Wengine wanapenda Oktoba 31, Siku ya Miji Duniani. Yoyote ni sawa, ilimradi iwe kila mwaka tarehe ileile ili watu waitegemee. Ikiwezekana fanya mwanzoni mwa kikao cha baraza, madiwani wakiwa wote na akili ikiwa mpya, usiweke baada ya hotuba sita. Wanaopokea wakae mbele na familia zao, sio nyuma ya mahema wakisubiri kuitwa. Angalia zamu, kwasababu mtu wa zimamoto au wa maji hawezi kuja kama hujampangia wa kumshikia, na kama aliyefanya kazi usiku unamuita saa mbili asubuhi unamuadhibu. Na usafiri wa kuwarudisha uwepo.

Kuna watu hawapendi jukwaa. Muulize mtu kabla. Mwingine atakwambia nileteeni kazini, na mimi naona hiyo mara nyingine ni nzuri kuliko ukumbi, meya anakwenda karakana asubuhi watu wakiwa wamevaa ovaroli, maneno yanasomwa palepale kati ya magari, wenzake wote wapo, hata wale ambao kwenye ukumbi wasingealikwa.

Baada ya hapo nakala ya maneno iingie kwenye faili lake la utumishi na kwenye muhtasari wa kikao, ili siku anaomba kupandishwa daraja iwepo. Na njia aliyotumia ipelekwe kwingine, yule karani wa masjala aitwe akawaoneshe masjala ya mapato na ya afya alivyopanga rafu, alipwe posho yake ya kufundisha. Kama kazi ni kubwa na ni ya jiji zima, fikirieni tuzo za nje. Zipo ambazo mshindi ni jiji lenyewe, kama ile ya Lee Kuan Yew ya Singapore inayotolewa kila baada ya miaka miwili, Bilbao iliichukua mwaka 2010 na Medellín mwaka 2016. Mkiandika maombi ya namna hiyo mtahitaji takwimu za kabla na baada, kwahiyo mliyokusanya wakati wa kuhakiki msiyatupe.

Waliopendekezwa na hawakupata waandikiwe, na waliowapendekeza pia, mistari michache inayosema tumepokea, tumekwenda kuona, na pendekezo litabaki kwenye orodha ya mwaka ujao. Bila hiyo barua mwakani yule mama wa sokoni hatarekodi tena.

Na kama wewe ni mwananchi na jiji lenu halina tuzo yoyote, usisubiri waanzishe. Andika barua kwa mkurugenzi wa jiji, nakala kwa mkuu wa idara na kwa diwani wako. Taja jina la mtumishi au kama hulijui taja kituo, zamu na tarehe. Eleza alichokifanya kwa sentensi tano sita kama ule mfano wa masjala. Omba mambo mawili tu, barua iwekwe kwenye faili lake, na diwani aisome kwenye kikao. Nusu ukurasa inatosha. Weka sahihi na namba yako ya simu ili wakitaka kuhakiki wakupate, peleka masjala mwenyewe, na hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa.